Wifi anataka niwe "daktari msimamizi" wa leza ya saluni yake. Nitie sahihi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni daktari wa kawaida, nina miaka minne kazini katika hospitali ya binafsi hapa Arusha. Wifi yangu ana saluni Njiro, na ameagiza mashine ya leza ya kuondoa nywele. Aliyemuuzia alimfundisha binti mmoja wa pale kwa siku mbili, akampa cheti. Sasa wifi anataka niwe daktari msimamizi: jina langu likae mlangoni na kwenye fomu za wateja, nipite kila Jumamosi, siku nyingine nipatikane WhatsApp. Malipo ni mazuri na mume wangu anaona naikataa riziki. Tatizo ni kwamba wameshaanza kazi, na mteja mmoja ametoka na alama nyeusi miguuni. Je, naweza kumkabidhi binti huyu kazi hii? Na usimamizi unaotosha ni upi?

JIBU: Marahaba, daktari. Kwa mpango ulivyoueleza, usitie sahihi.

Lakini ukienda na jibu hilo tu, wifi yako atakuuliza kwa nini, na atakwambia kwamba Ulaya na Marekani leza za nywele zinashikwa na wahudumu. Atakuwa anasema kweli. Na kwetu pia, kumkabidhi mtu asiye daktari kazi ya daktari si jambo geni hata kidogo. Kwa miongo mingi madaktari wasaidizi, wale tuliozoea kuwaita AMO, wamekuwa wakifanya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya ambako bingwa hafiki. Hapa Moshi, kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, kiitwacho RDTC, tangu 1992 kimekuwa kikiwafundisha matabibu na wauguzi wanaokwenda kuendesha kliniki za ngozi wilayani na nchi za jirani. Wengi wao wanaijua ngozi kuliko madaktari wengi wa jumla, nawe utanisamehe kwa kusema hivyo.

Sasa tazama ni nini kilichofanya mipango hiyo ifanikiwe. Aliyekabidhiwa alikuwa na shule yake ya miaka, ana baraza linalomsajili, ana leseni yake, na ana mahali pa kumpeleka mgonjwa jambo likimzidi. Akikosea, anajibu yeye kwa sehemu yake na msimamizi kwa yake. Binti wa saluni ana siku mbili na karatasi ya muuzaji. Hana baraza wala leseni. Siku akimchoma mteja, mtu pekee mwenye kitu cha kunyang'anywa katika chumba kile ni wewe.

Upande wa sheria nitaupitia haraka. Wewe umesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na sheria inayotuongoza ni ile ya mwaka 2017 ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Wauguzi wana baraza lao. Hospitali na kliniki za binafsi zina utaratibu wao wa usajili, na leseni ya biashara ya halmashauri aliyoitundika wifi ukutani haiigeuzi saluni kuwa kituo cha afya. Mashine nayo ina mlango wake: vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inayovipanga kwa hatari yake katika madaraja A hadi D. Tangu 2019 vipodozi vilihamia TBS, shirika la viwango, na wauzaji wengine hucheza humo humo kwenye ufa: mashine inaingia nchini kama "kifaa cha urembo", kisha inatangazwa kama tiba. Mwombe wifi nyaraka za usajili wa mashine hiyo, kwa jina la mtengenezaji na modeli, tena kabla hamjazungumzia pesa. Asipokuwa nazo, mazungumzo yanaishia hapo.

Na katika maadili ya kazi yetu, daktari kumfunika kwa leseni yake mtu asiyesajiliwa ni kosa la siku nyingi, la zamani kuliko leza yenyewe. Jina lako likikaa mlangoni, mteja anayeingia anaamini anaingia kwa daktari. Ndicho anacholipia. Ukiitwa mbele ya Baraza huwezi kujitetea kwamba ile ilikuwa saluni tu.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo penye jibu la swali lako la "naweza kumkabidhi". Watu hudhani kazi ya leza ni kushika kichwa cha mashine na kubonyeza. Hiyo ndiyo sehemu rahisi, na ndiyo sehemu unayoweza kumkabidhi mtu aliyefundwa vizuri. Sehemu ngumu inatangulia: mteja huyu apigwe leza au asipigwe, kwa mwanga gani, kwa nguvu gani, na nani mwenye macho ya kusema tusimame. Maamuzi hayo hayakabidhiki kwa mtu ambaye hajasomea ngozi. Na wewe mwenyewe, kama hujasomea leza, huna cha kukabidhi. Nikuulize: umewahi kuishika mashine hiyo? Unajua inatoa wimbi la urefu gani? Kama jibu ni hapana, sahihi yako inampa binti imani ambayo hata wewe huna.

Chukua mteja wa kawaida kabisa. Msichana wa miaka 24 anakuja na ndevu kidevuni. Mhudumu anaona nywele, anaona bei, anawasha mashine. Wewe ungemuuliza hedhi zake zinakwendaje, uzito umepanda lini, sauti imebadilika? Kama ana tatizo la homoni linalotokana na vifuko vya mayai, leza itapunguza nywele na homoni zitaota nyingine, naye atarudi mara kumi akilipa huku ugonjwa ukiendelea ndani. Mwingine anatumia vidonge vya chunusi vya isotretinoini. Mwingine ana historia ya makovu yanayovimba kifuani na masikioni. Mwingine ni mjamzito na hajaulizwa. Mama wa miaka 60 anataka mvi za kidevu ziondoke, na leza haziwezi mvi, kwa sababu mwanga unatafuta rangi na mvi haina rangi. Nimewaona wanaolipishwa mfululizo kwa mvi. Huo si ujinga wa kitabibu, ni wizi.

Halafu kuna mkorogo. Huku kwetu sijui kama kuna swali muhimu kuliko hili, na ndilo ambalo mteja hukataa mbele ya wenzake. Ngozi iliyopakwa krimu za steroidi, haidrokwinoni au zebaki kwa miaka ni nyembamba, inachubuka haraka, na ikijeruhiwa inarudi nyeusi kuliko ilivyokuwa. Usimwulize mteja "unatumia mkorogo?" kwenye kiti cha saluni, mashoga zake wakisikiliza. Mpeleke pembeni, mwambie alete makopo yote anayopaka, kisha tazama vifundo vya vidole vya mikono na masikio. Vifundo vyeusi na uso mweupe vitakujibu wenyewe.

Na kuna alama ambazo hazifai kupigwa leza kabla hazijajulikana ni nini. Doa jeusi linalokua likipigwa kwa mwanga linaweza kupauka juu huku saratani ikibaki chini. Waafrika wanapopata melanoma, aina kali ya saratani ya ngozi, mara nyingi inajificha kwenye unyayo na chini ya kucha. Bob Marley alifariki 1981 kwa ile iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hatari ni nyingine: kidonda au gamba kwenye ngozi iliyoungua na jua linakatwa na kupelekwa maabara, halipigwi leza na mtu yeyote wa saluni, kwa sababu yoyote.

Sasa rangi ya ngozi na mwanga. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu nashuku ndipo mteja wenu alipoumia.

Mwaka 1983 Anderson na Parrish walieleza katika jarida la Science kanuni ambayo leza zote hizi zinaitegemea: ukichagua rangi ya mwanga inayonywewa na kitu fulani, na ukaupiga kwa muda mfupi wa kutosha, unakichoma kitu hicho bila kuchoma jirani zake. Kwa nywele, kinachounywa mwanga ni melanini, yaani rangi ya asili, ya nywele. Shida ni kwamba ngozi yetu nayo ina melanini nyingi, na iko juu, njiani kabisa kwa mwanga unaoshuka kwenye shina la nywele. Ngozi inaupokea moto kabla nywele haijaupata. Kadiri wimbi linavyokuwa refu, melanini inaunywa mwanga kidogo na mwanga unashuka chini zaidi. Kwa aina za leza tulizonazo, urefu wa wimbi wa aleksandraiti ni nanomita 755, dayodi nyingi ni kama 800 hadi 810, Nd:YAG ni 1064. Kutoka 755 kwenda 1064 unywaji wa melanini unashuka takribani mara tatu. Ndiyo maana kwa ngozi nyeusi tunashika Nd:YAG ya mapigo marefu. Zile mashine za IPL, ambazo wala si leza, zinatoa mwanga mchanganyiko wenye mawimbi mafupi ndani yake, na kwa ngozi ya Mtanzania wa kawaida mimi sizitaki kabisa.

Hata ukiwa na mashine sahihi, neno "ngozi nyeusi" bado ni pana mno. Fitzpatrick, daktari wa ngozi, aligawa ngozi katika aina, kuanzia I hadi VI, na sisi wengi tuko V na VI. Katika utafiti wa Ross na wenzake wa mwaka 2002 juu ya vipele vya ndevu, kwa Nd:YAG, ngozi ya aina ya VI ilivumilia jouli 50 (kipimo cha nguvu ya pigo) kwa sentimita ya mraba, na ya aina ya IV na V ikavumilia 100. Yaani watu wawili ambao saluni ingewaita wote "weusi" wanaweza kutofautiana mara mbili. Mhudumu aliyeandikiwa na muuzaji namba moja ya kwapa na namba moja ya miguu atapatia kwa mmoja, atamchoma mwingine. Namba hizo zenyewe zinategemea upana wa kichwa cha mashine, urefu wa pigo na upoozaji, kwa hiyo usizinakili ukazipeleka Njiro. Nimezitaja ili uone ukubwa wa tofauti.

Tunachofanya kabla ya kumpiga mteja eneo zima ni majaribio. Tunachagua sehemu iliyojificha, tunanyoa, tunapaka jeli ya baridi, tunapiga mapigo machache kwa nguvu ndogo, kisha tunatazama. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, hutauona. Unachotaka kuona baada ya dakika chache ni kila kinyweleo kuvimba kidogo pembezoni mwake, vijivimbe vidogo vidogo ambavyo kidole kinavihisi kabla jicho halijaviona vizuri. Hiyo ni dalili njema. Ukiona ngozi inageuka kijivu au inapauka, au ukiipitishia kidole inateleza kama inataka kuvuka, umeshachoma: simama, poza, wala usishushe namba ukaendelea mahali pengine siku ile ile. Kisha unasubiri. Kuungua kunaweza kuonekana ndani ya siku mbili, lakini weusi unaobaki baada ya kuungua huja taratibu, kwa wiki. Mimi humrudisha mteja baada ya wiki mbili hadi nne ndipo niamue. Mteja wa saluni aliyekuja na nauli ya bajaji na amelipia miguu yote hataki kusikia habari ya wiki nne. Anayeweza kumwambia hapana ni mtu ambaye mshahara wake hautegemei mteja yule kulala kitandani leo.

Swali lako la pili, usimamizi unaotosha ni upi. American Academy of Dermatology, chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, ina msimamo kwamba daktari anayemkabidhi asiye daktari kazi kama hizi awepo mahali pale, awe anafikika mara moja na aweze kuitika. Simu haikutajwa hapo. Nami naona sababu yake ni ya vitendo tu. Kuungua kunapozwa ndani ya dakika. Mtu akizimia, au akipata mshtuko wa mzio, au ganzi ikimzidi, dakika zako ni hizo hizo. Wewe uko zamu mjini, umekwama kwenye foleni ya mzunguko wa Impala, na binti anakutumia picha. Picha ya simu kwa ngozi yetu ni ushahidi mbovu: kamera nyingi hung'arisha, taa ya chumba ni ya njano, na kijivu kile nilichokuelezea hakionekani. Utajibu "mpake aloe vera" kumbe ngozi imeshakufa.

Ganzi nimeitaja kwa makusudi. Mwezi wa pili 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu krimu za ganzi zinazopakwa kabla ya leza. Wanawake wawili, wa miaka 22 na 25, walikuwa wamejipaka ganzi kali miguuni na kuifunga ili waondolewe nywele. Walipata degedege, wakazimia, wakafa. Krimu za kupaka tu. Mguu mzima ni eneo kubwa, ukiufunga kwa nailoni dawa inaingia kwenye damu haraka, na moto wa Nd:YAG unauma kiasi kwamba mteja anaomba ganzi zaidi. Nani katika saluni ya wifi anajua mteja wa kilo 50 apakwe kiasi gani? Kama hakuna, ganzi isiwemo humo ndani.

Ushahidi wa madai ya fidia nao unasema kitu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa katika JAMA Dermatology mwaka 2014 uliangalia kesi za leza zilizofika mahakamani. Kati ya 2008 na 2011, sehemu ya kesi ambazo mashine ilishikwa na asiye daktari ilipanda kutoka asilimia 36.3 hadi 77.8, na kuondoa nywele ndiyo huduma iliyoongoza. Hizo ni kesi, si majeraha yote, na watu wa Marekani hushtaki kwa wepesi kuliko sisi. Lakini daktari mwenye sahihi ambaye hakuwepo naye anaweza kushtakiwa. Uingereza nako kuna somo lake: mwezi wa kumi 2010 leza za urembo ziliondolewa kwenye usajili wa tume inayosimamia huduma za afya England, na tangu hapo hali inategemea uko eneo la halmashauri ipi. Kwa hiyo wifi akisema "huko nje wanaruhusu", mwulize nje wapi.

Chumba chenyewe ukakione kwa macho yako. Leza hizi ni za daraja la 4, la juu kabisa kwa hatari, na mwanga wa 1064 hauonekani kwa jicho. Unapita kwenye mboni bila kuuma na kutua kwenye retina, nyuma ya jicho. Saluni imejaa nini? Vioo. Kioo kinaurudisha mwanga wa leza kwa mtu aliyekaa kusukwa upande wa pili. Chumba cha leza kinataka mlango unaofungwa, si pazia, kisiwe na vioo, kiwe na alama nje, na kila aliyemo, mteja pamoja na mhudumu, avae miwani iliyoandikwa urefu wa wimbi la mashine hiyo hiyo. Miwani ya jua haikingi chochote, na miwani ya dayodi si lazima ikinge Nd:YAG. Nyusi hazipigwi, wala kitu chochote ndani ya ukingo wa mfupa wa jicho. Kuna watu wameharibika macho kwa kuondolewa nywele za nyusi. Asetoni ya kucha, spiriti na dawa za nywele za kupuliza zikae mbali, zinashika moto. Na umeme: ukikatika katikati ya kazi, upoozaji unakatika, na mashine nyingine zikiwaka tena hurudi kwenye namba za kiwandani. Mhudumu asome skrini upya kila jenereta inapoingia.

Kama bado unaitaka kazi hii, na sikukatazi kuitaka, njia ipo, ila ni ndefu kuliko anavyotaka wifi. Kwanza ujifunze leza wewe, kwa mtu anayeifanya kila wiki kwenye ngozi zetu, mpaka uwe umepiga, umekosa usingizi kwa ajili ya mteja, na umefuatilia matokeo. Pili, huduma ihamie kwenye kituo kilichosajiliwa. Saluni ibaki saluni. Tatu, anayeshika mashine awe na leseni. Hapo hapo Kilimanjaro na Arusha kuna matabibu na wauguzi waliosomea ngozi ambao wangefurahia ajira hiyo, na mshahara wao ni mdogo kuliko fidia ya mguu mmoja. Binti wa saluni anaweza kupokea wateja, kunyoa, kuandaa chumba. Si kupiga.

Kisha ugawaji wa kazi unaweza kwenda hivi. Kila mteja mpya unamwona wewe, uso kwa uso, unaandika aina ya ngozi, unapima majaribio, unaandika namba na mipaka yake. Muuguzi anapiga ndani ya mipaka hiyo, kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda wala doa, nawe uko ndani ya jengo. Akitaka kupandisha nguvu, anakuita. Mteja akirudi ameungua na jua, amebadilisha krimu, ameanza dawa mpya au ameshika mimba, anakuita. Baada ya muda, ukishamwona anafanya kazi safi na anajua kusimama, unaweza kulegeza kidogo kwa wateja wa marudio. Kuchubua ngozi kwa leza za CO2, tatuu, madoa, mishipa, chochote cha karibu na jicho: hizo usimkabidhi mtu. Ni upasuaji, hata kama damu haitoki.

Kila kipindi kiandikwe: wimbi, jouli, milisekunde, upana wa kichwa, upoozaji, ngozi iliitikiaje, nani alipiga. Faili lisilo na hayo halitakusaidia mwezi wa tatu mteja akirudi analalamika. Picha zichukuliwe kwa simu ya kituo, zikae kwenye kituo. Tangu ilipoanza kutumika sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, picha za kwapa na mapaja ya wateja zikizunguka kwenye WhatsApp yako ni kosa lako pia, na kuzitundika Instagram kama "kabla na baada" bila ridhaa ya maandishi ni kosa jingine.

Kuhusu malipo, kataa kulipwa kwa kichwa cha mteja. Ukilipwa hivyo kila "hapana" yako inakukata mfukoni. Chukua kiasi maalumu kwa mwezi, na kwenye mkataba iandikwe kwamba ukisema mashine izimwe, inazimwa, hata kama kuna wateja sita kwenye benchi. Hili ndilo lenye uzito kwako kuliko yote, maana huyu ni wifi. Jiulize kwa ukweli: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, harusi tatu mjini, unaweza kumwambia wifi yako azime, na akazima, na mkaendelea kula pamoja Krismasi? Kama huwezi, basi huwezi kumsimamia, na hiyo si aibu. Mwambie atafute daktari asiye ndugu. Bima yako ya kazi nayo iulize kwa maandishi kama inahusu leza za urembo, tena katika kituo kisicho cha mwajiri wako. Mwajiri wako naye ajue.

Nimalizie na mteja wa alama nyeusi, kwa sababu huyo hawezi kusubiri mkataba. Mashine isimame leo. Mwite mteja, wewe kama daktari, na umtazame kwenye mwanga wa dirisha. Kama alama zina umbo la kichwa cha mashine, zimejipanga kwa safu, hiyo ni ngozi iliyoungua. Angalia kama kuna malengelenge au vidonda vilivyofunguka. Kama vipo, maji safi, mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato, kitambaa safi, hakuna dawa ya meno, hakuna asali ya jirani. Kama ngozi imefunga na imebaki weusi tu, mwambie ukweli: mara nyingi unapungua, lakini kwa miezi, na kila jua na kila mkorogo unaurudisha. Arusha iko kwenye mita kama 1,400 na jua lake ni kali hata kukiwa na ubaridi, kwa hiyo sketi ndefu au kitenge, na mafuta ya kukinga jua kwa sehemu zinazobaki wazi. Asipigwe leza nyingine "ya kuondoa weusi". Hiyo ndiyo ofa atakayopewa na saluni ya pili, na ndiyo inayowaleta kwangu wakiwa na makovu. Kama anaota makovu ya kuvimba, umwone tena baada ya wiki chache, mapema.

Andika ulichokiona, piga picha kwa ridhaa yake, na ujue jina na modeli ya mashine. Madhara ya kifaa tiba yanaripotiwa TMDA, na daktari yeyote anaweza kuripoti, awe msimamizi au asiwe. Kama alama ni nyingi au zimeingia ndani, mpe barua ya rufaa aje kliniki ya ngozi KCMC. Aje na makopo yake yote ya krimu, na karatasi yoyote aliyopewa saluni yenye namba za mashine. Kama hakupewa karatasi, mpigie wifi aziandike leo, kabla hazijasahaulika.